Kumbe mpaka usome?

Tangu Jumanne maneno ya yule bibi hayajanitoka. Harusi ya Neema imepita salama, mganga mfawidhi mpya ameripoti, nami bado nimesimama pale pale kando ya kitanda cha tatu.

Mtoto wa kilo 9, degedege mara mbili njiani, kipimo cha malaria kimesoma chanya. Sukari tumeshapima. Sista ameshika kichupa cha atesuneti, sindano ya malaria kali, ananisubiri. Nikatoa kijitabu cha mwongozo mfukoni, nikakipekua kwa tochi ya simu.

"Kumbe mpaka usome, baba?"

"Nahakikisha dozi, bibi."

Akamgeukia mkwewe, sauti ya chini lakini nikaisikia: "Yule wa zamani alikuwa haangalii popote."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana inauma. Alikuwa na hofu, akanitazama atulie, akaona mtu anatafuta ukurasa. Jibu nimelipanga upya mara ngapi sijui, bafuni, kwenye bodaboda, hata kanisani wakati Neema anakula kiapo.

Maana namba kichwani ilikuwepo, tena ilikuja mbio: 2.4. Miligramu 2.4 kwa kila kilo, tuliikariri chuoni 2013 mpaka tukaiota. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likapandisha dozi ya watoto walio chini ya kilo 20 hadi miligramu 3, kwa kuwa ile ya awali ilikuwa inawafikia kidogo kwenye damu kuliko watu wazima. Kwa mjukuu wake ni 27, si 21.6. Badiliko hilo nalijua, watoto wengi nimewapa. Lakini saa tisa usiku kinachotangulia ni kile kilichoingia kwanza.

Nilipofika hapo uchungu uliisha, ikabaki hofu. Zipi nyingine nimezibeba hivyo, za zamani, bila kuziangalia? Zipo ambazo ni lazima zikae kichwani: mama akianza kifafa cha mimba, gramu 4 za magnesi salfeti kwenye mshipa, taratibu, na 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Pale hakuna wa kunishikia ukurasa. Lakini dozi za watoto? Nitazisoma kila mara, bibi, hata ukinitazama hivyo.

Alhamisi mtoto alikaa, akanywa uji. Bibi aliniitikia shikamoo yangu, hatukuzungumzia lolote.

Mvua imeanza tena Muheza. Mama yuko kwenye basi la jioni na simu yake haipatikani.