Maji kwa Kilakota ni "mni"

Jumanne supavaiza wetu kwenye kiwanda cha nyama hapa Sioux Falls alitukuta mapumzikoni, mimi na mama mmoja wa Uvira, Kongo, tukipiga soga kwa Kiswahili. Akatwambia tuache makelele, hapa ni Marekani. Makelele! Tulikuwa tunaulizana bei ya unga nyumbani. Nikameza mate, maana kodi ya nyumba ilikuwa inaningoja.

Mzee mmoja Mlakota, kabila la wenyeji wa asili wa huku, kutoka hifadhi yao ya Rosebud, tunayekata naye nyama meza moja, alisikia yote. Akaja na chupa yake ya maji, akaigonga kwa kidole. "Haya mnayaitaje?" Maji. "Sisi, mni." Kumbe ndiyo hiyo mwanzoni mwa jina la jimbo la Minnesota!

Jumamosi akanikaribisha kwake tutazame Dances with Wolves, ile filamu ya Kevin Costner ya 1990, saa tatu nzima, sehemu kubwa imepigwa humu humu South Dakota. Kuna pale luteni Dunbar anapotambaa chini, vidole kichwani mfano wa pembe, akiulizia nyati, mpaka Mlakota mmoja, Kicking Bird, anang'amua: tatanka, yaani nyati. Mtu mzima, askari, amepiga magoti kwa ajili ya neno moja la wenyeji.

Aliyetafsiri maneno kwa Kilakota na kuwafundisha waigizaji ni mwalimu wa Rosebud, Doris Leader Charge. Mzee aliniambia wazazi wake walichapwa shule ya bweni kwa kusema lugha hiyo hiyo. Sisi tuliosoma Kenya tunakijua kile kibao cha shingoni, cha kumwaibisha mtoto aliyesema lugha ya nyumbani shuleni.

Sikupenda kwamba shujaa ni Mzungu, na hata mwanamke anayewatafsiria ni Mzungu aliyelelewa na Walakota. Filamu ilibeba Oscar 7. Lakini maandishi ya mwisho yanasema miaka 13 baada ya hadithi hiyo nyati walikuwa wametoweka, na hapo mzee alizima televisheni kabla majina hayajaisha.

Ninyi mnaoisaka grinikadi, Kiingereza kisomeni sana, bila hicho utazeekea kwenye kisu. Ila watoto wasemesheni Kiswahili tangu siku ya kwanza. Wangu ana miaka 9, ananijibu Kiingereza tupu, na kosa ni langu. Nilidhani namfungulia njia.

Jumatatu mzee alikuja mezani kwetu na kikombe. Nikammiminia kutoka kwenye chupa yangu. "Na hii?" Chai ya tangawizi. Akarudia mara tatu, tangawizi, tangawizi, tangawizi, mpaka mama wa Uvira akampigia makofi. Supavaiza akapita, akatutazama, akaenda zake.