Zamu ya kengele

Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali mkoani Shinyanga. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na wanafunzi 83 chumba kimoja, watatu watatu kwa dawati, na somo la Uraia na Maadili lilikuwa langu. Katikati ya muhula wa kwanza akaletwa mtoto wa kike mwenye ualbino. Nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Alikuja na bibi yake, amevaa kofia pana na sweta la mikono mirefu, na bibi hakumwachia mkono mpaka kengele ilipogongwa.

Anayeishi Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa hofu ya yule bibi. Mauaji yaliyoitikisa nchi miaka ile ya 2007 na 2008 yalitokea zaidi huku kwetu, kwa imani kwamba viungo vya wenye ualbino huleta utajiri. Wanafunzi wangu walizaliwa baadaye, lakini maneno waliyarithi.

Siku ile nilifanya nilichoamini kuwa ni wema. Nilimkalisha mbele kwa kuwa haoni mbali, na hilo lilikuwa sawa. Kisha nikatangaza kwamba Neema asiguswe, asitaniwe, na asipewe kazi yoyote: asifagie, asichote maji, asimwagilie bustani. Nikawakaririsha Ibara ya 12 ya Katiba: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Waliikariri vizuri sana. Mapumziko yalipofika, Neema alikaa peke yake barazani.

Wiki ya tatu nikaweka mezani boksi tupu la chaki, kila mtu aandike bila jina swali analoogopa kuniuliza. Nilimwomba Neema ruhusa kwanza. Akasema haya, na yeye analo lake.

Vile vikaratasi nilivisoma nyumbani usiku. "Ukimshika unaambukizwa?" "Mbona macho yake yanacheza?" "Eti hawafi, wanapotea tu?" Hilo la kupotea lilikuwa kwenye vikaratasi tisa. Kimoja, kwa mwandiko mkubwa nilioutambua mara moja, kiliuliza: "Mwalimu, zamu yangu lini?"

Ninacho hadi leo. Nilikuwa nimemfanya mgeni ndani ya darasa lake, na wenzake walishaanza kunung'unika kwamba yuko mtu asiyeshika ufagio. Walikuwa na haki ya kunung'unika.

Kesho yake nilikuja na vikombe viwili vya maharage, mekundu na meupe nusu kwa nusu. Kikombe kimoja baba, kingine mama. Wote wawili ni weusi, nikawaambia, lakini kila mmoja amebeba maharage ya aina mbili bila kujua. Kila mwanafunzi afumbe macho, atoe haragwe moja huku na moja huku, aonyeshe, arudishe. Likitoka jekundu hata moja, mtoto ana rangi. Yakitoka meupe mawili, ana ualbino. Ilichukua kipindi kizima, na waliopata meupe mawili walikuwa 19. Mmoja wao alikuwa mvulana aliyezoea kusema kosa ni la mama mtu. Aliyatazama yale maharage kiganjani, akauliza, "Sasa hapa mama kafanya nini?"

"Hajafanya kitu," nikamjibu.

Maswali mengine niliyajibu moja moja. Ualbino hauambukizi. Macho hucheza kwa sababu upungufu wa rangi unayagusa na macho. Nilipofika kwenye lile la kupotea, Neema akanyoosha mkono, akasimama. "Babu yangu alikuwa kama mimi. Tulimzika. Kaburi lipo nyumbani." Akakaa. Ubishi uliishia hapo.

Niliona pia kwamba habari walizowahi kusikia kuhusu watu wenye ualbino zilikuwa za kuuawa tu. Nikawasimulia jinsi wapiga kura wa Lindi Mjini walivyomchagua Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao mwaka 2010. Hao ni maelfu ya watu wazima waliopanga foleni wakampa mtu kazi. Sikuongeza neno.

Kisha nikawauliza wenyewe: zamu gani inamfaa mtu asiyetakiwa kukaa juani? Wakataja kengele, kwa kuwa ile rimu ya gari tunayoigonga imening'inizwa chini ya mwembe. Mmoja akapinga kwamba saa ya ukutani ofisini Neema hawezi kuiona. Mwingine akasema, "Basi Mwalimu amwazime ya kwake." Nikaivua.

Wanaopita njia moja naye wakaanza kutembea naye kurudi nyumbani. Bibi aliendelea kuwafuata kwa nyuma karibu muhula mzima, na sikumkataza.

Mwezi wa pili wa zamu yake, Neema alinogewa na mdako pale kivulini, akachelewa kugonga kengele ya uji kwa dakika kumi na tano. Ijumaa, kwenye kikao cha darasa, wakamshtaki. Walitaka anyang'anywe saa wiki nzima. Akasimama kujitetea: mwenzake aliyemtangulia alichelewa vilevile na alipewa kufuta ubao siku mbili tu, kwa nini yeye wiki? Wakabishana kwa sauti kubwa, mimi nimekaa nyuma nimenyamaza. Mwishowe wakapiga kura. Neema akafuta ubao Jumatatu na Jumanne.