Australorp wa Uyole: awamu ya tatu ya kutotolesha

Leo asubuhi nimehesabu vifaranga 17 wa Australorp, kuku wa asili ya Australia ninaowafuga hapa Uyole, Mbeya, kutoka katika mayai 21 yaliyokuwa na mbegu. Awamu mbili zilizotangulia zilinipa vifaranga 6 na 7 tu, kwa hiyo naandika kabla furaha haijapoa.

Waliowahi kufuga Australorp weusi hawahitaji kusimuliwa upole wao. Jogoo wangu, pamoja na uzito wake, hupakatwa na mtoto wa miaka mitano bila kulalamika, na mitetea hunifuata hadi mlango wa jikoni. Nilichokitaka kwao zaidi ya mayai na nyama ni watoto wanaofanana na wazazi, jambo ambalo chotara kama Kuroiler hawalitoi, na ndiyo maana nilikataa kununua vifaranga kila msimu nikaamua kutotolesha mwenyewe.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilinitesa tangu Juni. Vifaranga walifikia siku ya 20, wengine wakatoboa ganda, kisha wakafa humo humo wakiwa wamenatana na utando uliokauka kama karatasi. Joto lilikuwa nyuzi 37.5, mayai yaligeuzwa ipasavyo, na kipima unyevu kilionyesha asilimia 55, kwa hiyo niliwashuku jogoo, chakula na hata fundi aliyeniundia mashine ya kutotolesha. Niliongeza maji kwenye trei hadi yakakaribia kumwagika, lakini hali haikubadilika.

Hatimaye nilikihakiki kipima unyevu chenyewe kwa kukifungia usiku kucha ndani ya kopo pamoja na chumvi ya mezani iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75, ila chombo changu kilisoma 84. Kumbe zile 55 nilizojivunia zilikuwa 46, tena katika kiangazi cha Mbeya, kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,700, ambako hewa ni nyepesi na yai hupoteza maji kwa kasi kuliko pwani. (Kipima joto nacho nilitaka kukijaribu kwa maji yanayochemka, nikakumbuka kwamba huku kwetu maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, nikakilinganisha na kipima homa.)

Tangu hapo niliacha kuamini namba ya kipima unyevu nikaamini mizani. Yai la gramu 60 linapaswa kubaki na gramu 57 hivi siku ya 7 na takribani 52.5 siku ya 18. Mizani ya jikoni inayoruka gramu nzima nzima haifai kwa yai moja moja, na wanaoisifu wanajidanganya. Afadhali ile ndogo ya kupimia vito, au upime trei nzima ya mayai kwa pamoja. Mama aliponiona nikiandika gramu kwa penseli juu ya kila yai aliniuliza, "Mwanangu, hayo unayauza au unayaatamia?"

Siku ya 7 mayai yalikuwa yamepungua kupita kiasi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kinachotoa unyevu ni upana wa maji, wala si kina chake, nikasimamisha vipande vya taulo kuukuu ndani ya trei ili vinyonye maji na kuyapeleka hewani. Kufikia siku ya 18 wastani ulikuwa gramu 52.3, nami nikaongeza taulo la pili nikaufunga mlango, nikijizuia kuchungulia.

Wiki hii nilikuwa nimepanga kutengeneza vichanja vipya na kujaribu mchanganyiko wenye mashudu ya alizeti mengi zaidi. Yote yameahirishwa, kwa kuwa jirani ana friji bovu ambalo mlango wake bado unabana vizuri, na tangu jana sifikirii kitu kingine isipokuwa kuligeuza kuwa mashine ya siku tatu za mwisho.

Mayai manne yaliyobaki nimeyavunja. Mawili yalikufa mapema. Katika yale mengine mawili, kichwa cha kifaranga kilikuwa kwenye ncha nyembamba, mbali na mfuko wa hewa, na daftari linaonyesha kwamba niliyapanga usiku umeme ukiwa umekatika, ncha hiyo ikiwa juu.