Siku Moja Maishani Mwangu: Mtu wa Tatu Kwenye Ambulensi

Saa 11 alfajiri. Natoka Umoja kabla matatu hazijapandisha nauli. Ninasomea uhudumu wa tiba ya dharura hapa Nairobi, na kwa sasa niko mafunzo ya kazini: mtu wa tatu kwenye ambulensi, baada ya paramediki na dereva. Mfukoni nina kijitabu, kalamu, mkasi wa kukatia nguo na mandazi. Mandazi huliwa mapema. Kazi hii haina saa ya chai.

Saa 1 asubuhi. Zamu ya usiku inatukabidhi gari, nasi tunaanza ukaguzi. Wenzangu wengi unawachosha, mimi naupenda. Unasoma geji ya mtungi wa oksijeni, maana barakoa yenye mfuko hula hadi lita 15 kwa dakika, na mtungi mdogo unaweza kukuishia katikati ya foleni ya Outering. Unawasha mashine ya kufyonza uisikie ikivuta. Kola za shingo, splinti za kutuliza mfupa uliovunjika, vifaa vya kuzalishia. Kisha unatia sahihi, na kuanzia hapo kikikosekana kitu utaulizwa wewe.

Saa 2:40. Bodaboda na pikapu zimegongana barabara ya Outering. Watu hudhani kazi yetu ni mbio. Mbio ni za dereva. Sisi kule nyuma tunagawana majukumu: nani ashike kichwa, nani atafute damu.

Tunakuta umati. Mama mmoja ana chupa ya maji, na wanaume wawili wameshamshika kijana kwapani wampakie kwenye pikapu ileile iliyomgonga. Paramediki anapiga magoti, anakidhibiti kichwa, ananiambia, "Watu ni wako."

Kupaza sauti "rudini nyuma!" hakumrudishi mtu yeyote. Natafuta mwenye kelele kuliko wote nimpe kazi: "Kaka, nisaidie kuzuia magari upande ule." Anaondoka na wenzake watatu. Kwa mama wa maji nasema, "Asante mama, ila tusimpe. Anaweza kupaliwa, na huenda akaingia tiata, afanyiwe upasuaji." Anaelewa. Watu wengi huelewa wakiambiwa sababu, lakini hakuna aliyetufunza hilo darasani.

Helmeti inavuliwa na watu wawili: mmoja ameshikilia shingo, mwingine anaivuta taratibu. Paja limevunjika. Napapasa mapigo ya damu mguuni kabla ya kufunga splinti na tena baada ya kuifunga. Anafumbua macho mwenyewe na anafuata maagizo, ila anasema leo ni Krismasi. Kwenye kipimo cha fahamu naandika 14 kati ya 15.

Hospitalini napewa nafasi ya kutoa ripoti. Umri, kilichotokea, majeraha, vipimo, tulichofanya. Yote ndani ya dakika moja, kwa sababu muuguzi wa chumba cha dharura hana muda wa hadithi. Ripoti inaisha upesi. Kitanda ndicho hakipatikani, na mgonjwa anabaki kwenye machela yetu kwa muda mrefu huku redio ikituita. Machela ikizuiliwa, ambulensi nzima imezuiliwa. Wanaolalamika kwamba ambulensi huchelewa wangeshinda pale mlangoni siku moja tu.

Saa 6 mchana. Klorini, matambara, kujaza fomu. Chapati na maharagwe.

Saa 8. Buruburu. Nyanya analowa jasho, maneno yake hayaeleweki, na jirani ameshatangaza kwamba ni kiharusi. Huenda. "Shikamoo nyanya, naomba kidole chako." Glukomita, kile kipima sukari ya damu, inasoma 2.3: sukari imeshuka mno. Mwanawe anakumbuka sasa: asubuhi alidungwa insulini, kisha akakataa uji. Kwa kuwa bado anameza vizuri, tunampa glukosi mdomoni. Angekuwa amezimia, kinywani kisingeingia kitu, paramediki angepitia kwenye mshipa. Baada ya dakika chache anauliza kwa nini tumeingia kwake na viatu.

Saa 10. Kimya, kwa hiyo mazoezi ya kufufua moyo kwa mwanasesere: mikandamizo 30, pumzi 2, mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo. Mabega yanawaka.

Saa 11:30 jioni. Mtoto ana degedege. Baba aliyepiga simu alianza na swali: "Ni pesa ngapi?" Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, lakini katiba haijazi tangi la mafuta, na baba wa kipato cha siku anajua hilo. Wengi huita teksi kwanza. Huyu tulimwambia asubiri, tunakuja.

Degedege limeshakoma tunapofika. Mtoto ana joto kali, anapumua vizuri. Tunamlaza ubavu, tunapima sukari, tunamvua sweta. Kuna kijiko kimetiwa kinywani; natoa kijiko na kumweleza mama, bila kumgombeza, kwamba mtoto hawezi kumeza ulimi wake, ila anaweza kuvunjika jino na kulivuta pumzi. Njiani mama anauliza hali ya mtoto tena, na tena. Namjibu kila mara.

Saa 1 usiku. Tunakabidhi gari. Mtungi mmoja umepungua, nauandika. Jumatatu nina mtihani wa kuzalisha, na bado sijashika vizuri hatua za mtoto anayetanguliza matako, kwa hiyo nikifika nyumbani ni kitabu kwanza, ugali baadaye.