Kioo cha mbele sio kioo cha mlango, ujue kabla hujampa fundi hela

Jamani vioo vya gari tunavichukulia poa sana. Mtu anauliza oili ipi, tairi la mwaka gani, betri ya kampuni gani, ila kioo kikipasuka anaenda kwa fundi anasema niwekee kingine, basi, na hicho kingine anawekewa chochote kilichopo siku hiyo. Mi nasema kabisa bila kupepesa macho, kioo ni kifaa cha usalama sawa na mkanda na breki, na ukiwekewa kisicho chake umeondolewa ulinzi bila kujua.

Tuanze na cha mbele. Hicho ni lamineti, yani karatasi mbili za kioo, kila moja milimita 2 na kidogo, katikati kuna plastiki laini inaitwa PVB ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 0.76, vinagandishwa pamoja kwa joto na presha, kama mkate uliopakwa siagi katikati ila hapa siagi ndo inaushika mkate. Ndo maana ukiwa nyuma ya lori la kokoto barabara ya Morogoro na kijiwe kikaruka kikakupiga, mara nyingi inapasuka karatasi ya nje tu, ya ndani iko salama, na hata zikipasuka zote mbili vipande vinabaki vimeng'ang'ania plastiki, unaona njia kiasi cha kulitoa gari pembeni. Na kwenye ajali mbaya hiyo plastiki inasaidia kumzuia mtu asirushwe nje kupitia mbele. Pia inakata karibu mionzi yote ya UV, hii watu wengi hawaijui.

Aliyeanzisha hii lamineti ni Mfaransa mmoja mkemia, Édouard Bénédictus. Inavyosimuliwa, mwaka 1903 chupa ya maabara ilimdondoka, ikapasuka lakini haikusambaratika, kumbe ndani ilishakauka selulosi naitreti, aina ya plastiki ya majimaji, ikaacha utando. Akaja kuchukua hataza mwaka 1909. Ila zile plastiki za mwanzo zilikuwa zinageuka njano kwa jua, mpaka ilipokuja PVB miaka ya 1930 mwishoni ndo mambo yakatulia.

Sasa vioo vya milango na cha nyuma kwa gari nyingi ni tempa, na hiki ni kitu kingine kabisa. Ni karatasi moja tu, inachomwa mpaka zaidi ya digrii 600 alafu inapulizwa upepo mkali ghafla, ngozi ya nje inaganda kwanza, ndani inapoa baadae inakuwa inaivuta ile ngozi, kwahiyo kioo kizima kinakaa kimejikaza muda wote. Kinakuwa na nguvu mara 4 au 5 kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule. Ila kikizidiwa hakipati ufa, kinamwagika chote kwa mpigo, vipande vidogo butu ambavyo vinakuchubua lakini havikukati shingo. Kimetengenezwa kivunjike hivyo makusudi.

Na hapa ndo nataka msomaji anisikilize vizuri. Kioo cha tempa HAKIKATWI. Hakitobolewi. Shepu na matundu yote yanafanywa kabla hakijachomwa, ukijaribu kukikata na kisu cha almasi baada ya hapo kinamwagika. Kwahiyo ukimuona fundi anachukua kipande cha kioo, anapima mlango wa gari yako, anachora na kukata pale pale kibandani, ujue hiyo sio tempa. Ama ni kipande cha lamineti, hapo walau una ahueni, ama ni kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, na hicho kikipasuka kinatoa visu virefu, na mtoto wako ndo anakaa pembeni yake. Nimeviona kwenye daladala na kwenye gari za watu binafsi pia, na mwenye gari anafurahi kwamba amepunguziwa bei. Inaniuma sana hii. Bora ukanunue kioo yuzdi cha gari yenyewe, kilichotolewa kwenye gari ya modeli yako, kuliko hicho kipya cha kukatwa.

Utajuaje? Soma mhuri, uko kwenye kona ya kila kioo. Gari za Kijapani ambazo ndo zimejaa kwetu nyingi zina vioo vya Asahi, cha mbele kimeandikwa LAMISAFE, vya pembeni TEMPERLITE, na vingine vimeandikwa wazi tu LAMINATED au TEMPERED. Ukiona herufi E ndani ya duara na namba, hiyo ni alama ya nchi iliyoidhinisha, E1 Ujerumani, E11 Uingereza, E43 Japani, na namba ya Kirumi II ni lamineti ya kawaida ya mbele, V ni kioo kinachopitisha mwanga chini ya asilimia 70, yani vile vya giza vya kiwandani. Kama hakuna mhuri kabisa, kaa na wasiwasi. Njia nyingine, shusha kioo cha mlango nusu uangalie ukingo wake wa juu, lamineti utaona mstari katikati, tempa ni kitu kimoja.

Kingine ni gundi. Cha mbele kwenye gari za sasa kinashikwa na gundi ya yurethani na kinasaidia kubeba paa gari ikibinuka, alafu eabegi ya abiria kwenye gari nyingi ikilipuka inaegemea kioo hichohicho ili imgeukie abiria, sasa kama kimebandikwa na silikoni ya bafuni kitatoka na eabegi haina pa kuegemea. Muulize fundi gundi gani na ikauke muda gani, zingine saa moja zingine mpaka kesho yake, na usiondoke kabla hata kama una haraka.

Ufa mdogo wa jiwe, wa ukubwa wa sarafu, ambao hauko mbele ya macho ya dereva, unazibika kwa resini na taa ya UV. Wahi, kwasababu vumbi na maji vikiingia haizibiki vizuri, na usimwagie maji baridi kioo kilichochomwa na jua la saa 8, ufa unakimbia mpaka ukingoni. Na kama gari yako ina kamera nyuma ya kioo, mfano Subaru za EyeSight, ukibadili kioo kamera inatakiwa ipimwe upya, la sivyo inakadiria umbali vibaya.

Mwisho, ile nyundo ya dharura ya kuvunjia kioo. Gari ikiingia kwenye maji piga kioo cha mlango, kwenye kona, sio katikati, na usihangaike na cha mbele. Ila kuna gari mpya zaidi zina lamineti mpaka milangoni ili ziwe kimya, na AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ilipojaribu vifaa 6 vya kuvunjia mwaka 2019 hakuna hata kimoja kilichovunja lamineti. Kwahiyo angalia leo mlango upi una tempa, mara nyingi hata kama milango ya mbele ni lamineti, ya nyuma inakuwa tempa, waambie na watu wa nyumbani, na hiyo nyundo ikae mkono unapofika, sio kwenye buti.