Nilivyong'olewa ukatibu na punje za kunde

Kamati yetu ya maji hapa kijijini, Kilifi, ni ya kujitolea, haina hata senti ya mshahara. Lakini uchaguzi wake! Watu hununiana miezi. Miaka yote tulinyoosha mikono, na mweka hazina alikuwa yule yule mwenye duka. Nusu ya kijiji inadaiwa pale. Nani atauacha mkono mapajani huku mwenye daftari la madeni anamtazama?

Nilipotaja kura ya siri, mzee mmoja akanikata, "Kijana, siri ni mambo ya wachawi." Huyo huyo alipanga foleni ya mlolongo mwaka 1988, ile kura ya kujipanga hadharani nyuma ya umtakaye, na hadi leo analalama kwamba foleni fupi ndiyo iliyotangazwa mshindi.

Tukaanza na karatasi. Aibu tupu. Bibi wasiojua kuandika waliwaita wajukuu, wajukuu wakaandika wawatakao wao. Waliohudhuria ni 38, karatasi zikatoka 41. Na aliyezikata na kuzisahau juu ya kiti ni mimi, katibu msomi.

Ndipo nikakumbuka Gambia, wanakopiga kura kwa gololi: unaitumbukiza ndani ya pipa la mgombea wako, kengele inalia, kila mtu anajua umepiga mara moja tu. Sisi gololi hatuna, mahindi tunayo. Kila mtu akapewa punje ya hindi na punje ya kunde, kila punje na mgombea wake. Nyuma ya leso tukaweka madebe mawili: umtakaye huku, aliyebaki kule. Kila debe lazima litoe punje 38, basi aliyekuja na mahindi yake mfukoni atajulikana tu. (Fungieni kuku kwanza. Msiniulize.)

Tulipojaribu, hindi likaanguka ngo! Kunde hata haikusikika. Mama mmoja akaangua kicheko: "Tushakusikia ulivyochagua, mwanangu!" Nikakimbia kuazima gunia, nikatandika chini ya madebe yote mawili. Kimya.

Mweka hazina akaanguka, 26 kwa 12. Nilicheza, wallahi.

Ikafika zamu ya ukatibu. Mpinzani wangu binti aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, na kwa mikono sijawahi kushindwa. Mimi nilikuwa hindi. Wakamimina: mahindi 11, kunde 27.

Daftari nilimkabidhi jioni ile ile. Gharama yote haikufika shilingi mia, maana gunia ni la kuazima, na mwenyewe bado analidai.