AC iko kwenye joto, lakini inapuliza baridi
Wenzangu wa Mbeya, Mafinga na Njombe mnaopasha nyumba kwa AC: kabla ya kumwita fundi, shika rimoti. Alama iwe jua, si theluji, na nyuzi zizidi joto la chumba, tuseme 26. Haina alama ya jua? Basi ni ya kupooza tu, ilitengenezwa kwa watu wa Dar.

Ukiwasha, subiri dakika 5, maana feni ya ndani hungoja koili (mabomba yanayopasha hewa) ishike moto. Alfajiri yenye ukungu mashine ya nje hushika barafu, kisha hujiyeyusha kwa dakika 5 hadi 10: ndani kimya, nje inafuka mvuke kama sufuria ya makande. Huo si ubovu. Ubovu ni barafu iliyofunika koili nzima na haiyeyuki. Usiigonge kwa bisibisi! Bomba likitoboka, gesi yote imekwenda.

Osha chujio. Halafu linganisha kwa kipimajoto: hewa inayotoka izidi inayoingia kwa nyuzi 15 hivi.

Kama inapooza vizuri ila haipashi, mshuku vali ya njia nne, ile inayogeuza mwendo wa gesi kati ya kupooza na kupasha; kwenye mashine nyingi koili yake ndogo ya umeme ikiungua, gesi hubaki njia ya baridi. Ikishindwa yote mawili huku kompresa (pampu ya gesi) inanguruma, mara nyingi gesi imepungua. Fundi apake povu la sabuni kwenye nati za maungio kwanza. Anayejaza bila kutafuta tundu atarudi mwakani kukuuzia gesi ileile.